Mahali Pasipouma

Wacha nikuambie kitu, na najua utasema nimeitunga tu nikiwa nimekaa: kuna mwanamke hapa Kitengela aliharibiwa na mahali kwa mwili wake ambapo hapakuwa panauma. Si ajali ya lori kwa barabara ya Namanga, si kurogwa, si pombe. Ni mahali tu, padogo, ukidunga sindano hasikii kitu. Na mtu mwenye alikuwa anamdunga alikuwa anampenda kushinda mtu yeyote hii dunia. Hapo sasa ndio watu huwa wanakataa kuamini. Skia.

Anaitwa Naeku. Alikuwa karani wa hardware moja hapo mjini, ile watu wa mjengo wanapanga laini asubuhi, na alikuwa anajua bei ya kila msumari bila kuangalia. Siku moja akaamka jicho moja linaona ukungu na mguu wa kushoto umekufa ganzi kama ameukalia usiku mzima. Akazungushwa hospitali hii na ile, mwishowe Nairobi wakamwambia ni MS.

Usijifanye unaijua. Hata yeye hakuwa anaijua. Nesi wa kliniki, Sista Valerie, ndiye alimwelezea vizuri. Alimwambia mwili uko na waya kama za stima, na kila waya iko na ile raba ya juu. Sasa askari wa mwili wako wameamua hiyo raba ni adui, wanaitafuna. Raba ikiisha, stima haifiki kwa miguu.

"Kuna dawa ya kuponya?" Naeku akauliza.

"Ya kuponya hakuna. Kuna ya kuwashikilia hao askari. Sindano, chini ya ngozi, leo unadunga, kesho unapumzika, kesho kutwa unadunga tena. Hivyo hivyo maisha yote. Ukiacha, wanarudi kazi, na wakirudi wataanza na miguu."

Kwa hivyo shika hapo. Miguu ya Naeku ilikuwa imesimama juu ya sindano.

Na hiyo sindano nayo ilikuwa inakula ngozi. Mwaka wa kwanza ni madoa mekundu tu yenye yanawasha. Miaka ikasonga, tumbo likawa na mashimo mashimo, kama unga wa chapati mtu ameuminya na kidole gumba akaenda zake. Pengine palikuwa pagumu, ukigusa ni kama kuna maharagwe imejificha chini. Mapaja yakawa na alama za kahawia hazitoki hata upake mafuta gani. Naeku akaanza kutoka bafu amejifunga leso mpaka shingoni, na ni bwana yake tu ako nyumbani.

Sista Valerie alikuwa amemwambia hiyo pia. "Ngozi itachoka. Ndio maana lazima uzungushe. Leo tumbo, siku ingine paja, siku ingine mkono, siku ingine matako, kama zamu ya kuosha vyombo, asichoke mmoja. Dawa itoe kwa friji mapema, baridi iishe. Na mahali pamefura ama pamekuwa pagumu, hapo usiguse."

Naeku alishika hiyo sheria kama ya kanisa. Mpaka mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Ilianza na kikombe, chai ikimwagika kwa sahani. Halafu ikawa sindano. Analenga tumbo, ncha inacheza kama nyuki anatafuta maua. Akaita jirani yake Apondi, mama wa kutoka Siaya, wanaishi mlango kwa mlango kwa ploti, mdomo wake hauna kifuniko.

"Lete hapa, Mama Resian," Apondi akasema. "Mimi huchinja jogoo bila kuangalia pembeni."

Akafungua, akaona hiyo ncha, akaona na tumbo la Naeku. Akaketi chini kwa simiti polepole, kama mtu ameambiwa habari mbaya. Naeku ndiye alimpepea na kifuniko cha sufuria.

"Jogoo haniangalii na macho kama yako," Apondi akasema akipata pumzi.

Timothy alikuwa amesimama mlangoni wakati huo. Timothy ndiye bwana. Mtu wa Ewuaso Kedong, mrefu, mpole, maneno kidogo. Huko kwao alikuwa na ng'ombe, na si kidogo, mpaka ule ukame ukakuja ukazimaliza. Aliziinua na mkia, moja moja, asubuhi inasimama, jioni imelala tena. Zilipoisha alikuja Kitengela kwa Naeku, bibi yake, na rungu na ile sindano kubwa ya chuma ya kuchanja mifugo. Rungu ikakaa nyuma ya mlango. Sindano ikakaa juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa. Kazi alipata ni ya kupakia ng'ombe za watu kwa lori, sokoni Kajiado. Za watu, unaelewa.

Huko nyumbani walikuwa wanamuita Daktari. Si kwa kejeli, kabisa. Mtu akiwa na ndama mgonjwa anatuma mtoto amuite Daktari. Hapa Kitengela alikuwa Baba Resian tu, mzee wa nyumba namba nne, mwenye hasemi.

Akaingia, akanawa mikono mpaka kwa kiwiko, akasema, "Ng'oto Resian, nipatie." Hivyo ndivyo humuita, mama ya Resian, kwa Kimaasai.

Akadunga tumbo. Mkono wake ulikuwa mwepesi kweli, lakini kwa hayo mashimo na uvimbe hakuna mkono mwepesi. Naeku akauma midomo, mguu ukaruka wenyewe. Timothy akatoa mkono kama ameguza jiko.

"Mnyama akiruka, ni mwenye anadunga amekosea mahali," akasema.

Zamu ingine ikafika. Alikuja akapiga magoti mbele ya kiti, akaanza kufinya paja lake la kushoto na ukucha, kidogo kidogo.

"Hapa?"

"Nasikia."

"Hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

Naeku akangoja. "Si ufinye."

"Nimefinya."

Ilikuwa upande wa nje wa paja, upana wa kiganja. Ugonjwa ulikuwa umezima hapo kitambo, hata maji moto hasikii. Timothy akamuuliza habari ya Apondi na jogoo, na Naeku akiwa katikati ya kueleza, akirusha mkono hivi na hivi, akaona bwana yake anafunika sindano.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Nimemaliza."

Na akacheka. Wewe hujui hiyo cheko ilikuwa nini. Naeku hakuwa ameisikia tangu ng'ombe wa mwisho alale. Meno yote, macho yamefungika, kama yule kijana alimuona mara ya kwanza kwa harusi ya binamu yake. Akarudia, "Nimekupatia mahali, Ng'oto Resian. Nimekupatia mahali."

Zamu iliyofuata, hapo. Na ingine, hapo. Naeku alijaribu mara moja, lazima niseme ukweli.

"Sista alisema tuzungushe."

"Sista anajua dawa. Mimi najua kudunga. Unataka nitafute mahali pa kukuumiza?"

"Hata alisema isitoke kwa friji ikiwa baridi."

Timothy akamwangalia na huruma, kama mtoto ameuliza swali la kitoto. "Chanjo ikipata joto imekufa. Nimebeba chanjo kwa kisanduku cha barafu kutoka Kajiado mpaka boma la kina Kisemei, kwa mguu, jua hivi, na hakuna mbuzi hata moja ilikufa."

Angebisha. Alikuwa na maneno, sheria yote ilikuwa kichwani. Lakini huyo mwanaume alikuwa ameanza kuimba akiosha gumboots. Alikuwa ameanza kuketi nje na kina Oyoo, bwana ya Apondi, akiwaambia venye ukidunga vizuri mgonjwa anaendelea kupiga stori. Naeku akanyamaza. Akajiambia ni kwa muda kidogo tu, halafu atamwambia.

Muda kidogo ni kitu kibaya sana.

Paja likawa jekundu. Likawa gumu. Likafura kama mkate mdogo. Shule zikafungwa, wakaenda Kajiado, kwa boma la mama yake Timothy, Kokoo Namunyak, nje kidogo ya mji. Resian, mtoto wao, alikuwa huko tayari na binamu zake.

"Naeku, takwenya," mama mkwe akamsalimia.

"Iko," Naeku akaitikia.

Akamwona anachechemea, akampeleka ndani, akasema toa hiyo nguo nione. Akaweka kiganja juu ya uvimbe, akaufinya polepole kama anapima kiwele.

"Inauma?"

"Hapana, yeyo," akamjibu, yaani mama.

"Basi imeshika." Uso wake ukang'aa. "Ng'ombe ukimchanja homa ya mapafu kwa mkia na usifure, hiyo ulimwekea ni maji. Akifura, amepona." Akatoka mlangoni akaita kwa sauti, watu wote wasikie: "Timothy, mkono wako bado uko."

Timothy alikuwa kwa zizi la ndama. Aligeuka upande ule mwingine akajifanya anafunga kamba, lakini Naeku aliona shingo yake ikinyooka. Mwanaume mzima, mama yake amemsifu mbele ya watu, baada ya ng'ombe zake zote kufa. Wewe ungeenda hapo useme, hapana, kuna sista Nairobi amesema hiyo ni makosa?

Na hapo hapo Kajiado, simu ikaingia. Ni jamaa anaitwa Katoo, wa Ewuaso Kedong. Mbuzi za huko zinataka chanjo, karibu mtaa mzima, na wamesikia Daktari ameanza kudunga tena. Timothy aliporudi Kitengela alipanda kiti, akatoa ile sindano ya chuma juu ya kabati, akaichemsha kwa sufuria ya ugali. Naeku hakumkaripia hata kwa hiyo sufuria.

Akaenda. Huku nyuma Naeku akajidunga mwenyewe, mkono ukitetemeka, palepale, kwa sababu ndio mahali pekee ncha inaweza kuyumba bila yeye kujua.

Apondi ndiye aligundua. Alikuja kuomba chumvi akasimama katikati ya nyumba akinusa.

"Mama Resian, kuna harufu hapa na si sinki."

"Ni panya amekufa mahali."

"Panya gani. Inua leso."

Naeku akakataa. Apondi akaiinua mwenyewe. Ule uvimbe ulikuwa umegeuka rangi ya wino, na katikati ni nyeusi kabisa, kavu, kama ngozi ya kiatu. Pembeni yake palikuwa pamefunguka, na kulikuwa na maji maji.

Apondi hakuanguka hii mara. Alishikilia ukuta.

"Hii ni shimo," akasema. "Hii unaenda hospitali sasa hivi."

"Timothy akirudi."

"Akirudi kufanya nini? Kukuzika?"

"Haiumi, Apondi."

"Hata maiti haiumwi."

"Sikiza. Amenipigia leo asubuhi. Kwa simu nilikuwa nasikia watu huko nyuma wanamuita. Daktari, kuja hapa. Daktari, bado hawa. Unajua amekaa muda gani bila kuitwa hivyo? Nikienda hospitali wataniuliza nani alikuwa ananidunga. Wacha amalize tu hizo mbuzi."

Apondi akamwangalia, akatikisa kichwa. "Yeye anaitwa Daktari. Na wewe utaitwa marehemu. Nyumba yenu itakuwa na majina mazuri sana."

Lakini hakumlazimisha. Hilo Apondi hajajisamehea mpaka leo. Alirudi kwake na chumvi.

Homa ikaja kabla mbuzi ziishe. Naeku alitaka kusimama ajikorogee uji, miguu ikakataa, yote miwili, akaenda chini na sufuria. Oyoo akamtoa ndani amembeba mgongoni. Hospitali ya Kitengela walifungua bandeji yenye Apondi alikuwa amemfunga, wakafunika haraka, wakasema apelekwe Kajiado, huko kuna kitanda na daktari wa kupasua. Apondi akapigia Timothy simu, naye akaacha mbuzi zingine zikiwa zimefungiwa kwa boma, akapanda pikipiki.

Alifika wakati Daktari Ouko amesimama kando ya kitanda. Timothy alikuwa bado na vumbi ya njia kwa kope, na ile sindano ya chuma imetokeza kwa mfuko wa koti.

Daktari Ouko si mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka. Alikuwa anaangalia hilo paja kama mtu ameona gari imeharibiwa na fundi.

"Hii nyama imekufa," akasema. "Nitaikata yote, mpaka nipate yenye iko na damu, halafu siku zijazo tutoe ngozi mahali pengine tufunike. Na ile sindano ya MS imesimama kuanzia leo. Siwezi kukudunga na mwili uko hivi."

"Na miguu yangu?" Naeku akauliza.

"Tuombe Mungu isikimbie kabla tupate dawa ingine." Akavuta kiti. "Niambie kitu. Hii dawa ukikaa nayo miaka, ngozi inachoka hata ukifanya kila kitu sawa. Hiyo najua. Lakini hii si kuchoka. Hii ni mtu amekuwa akidunga mahali pamoja. Nani alikuwa anakudunga?"

Na sasa, hapa ndio naomba ukae vizuri. Timothy alivuta pumzi kifua kikajaa. Alikuwa hajaelewa bado. Yeye alisikia tu swali, nani anadunga, na hilo swali maisha yake yote limekuwa na jibu moja. Naeku aliona mdomo wake unafunguka. Aliona hata kiburi chenyewe, kidogo, kinapanda usoni.

"Ni mimi," Naeku akasema haraka. "Nilikuwa najidunga mwenyewe, daktari."

Timothy akafunga mdomo.

"Wewe? Na hukufunzwa kuzungusha?"

"Nilifunzwa."

"Ukaona ufanye nini?"

"Hapo hapakuwa panauma."

"Hapakuwa panauma kwa sababu ugonjwa umeua hisia hapo, mama. Mahali penye unasikia uchungu ndio mwili unakuambia wacha. Hapo ulikuwa unadunga mtu mwenye hawezi kulia. Na dawa, ulikuwa unaitoa kwa friji unaweka hivyo hivyo?"

"Ndio."

"Baridi inachoma nyama. Na ilipofura? Ilipokuwa ngumu? Ulifikiria nini?"

Kabla Naeku afungue mdomo, Daktari Ouko akajibu mwenyewe. "Uvimbe ni ngozi inaomba huruma. Wewe ukaendelea. Sijui niite hii uvivu ama nini."

Naeku alikuwa anaangalia daktari, lakini kwa pembe ya jicho alikuwa anaona buti za bwana yake. Kila swali liliingia, buti zikarudi nyuma kidogo. Mahali pamoja. Baridi. Uvimbe. Mpaka kisigino kikagonga ukuta. Hakuna mtu alimwambia kitu hiyo siku. Aliambiwa yote, mbele yake, kwa jina la mtu mwingine.

Timothy alipotoka nje, Apondi alimwona akienda nyuma ya jikoni ya hospitali, penye wanatupa takataka. Alirudi mfuko wa koti ukiwa umelala.

Miguu ilikimbia. Kidonda kilikuwa bado hakijafunga, sindano imesimama, na wale askari wa Sista Valerie wakarudi kazi kama venye alisema. Wa kulia ukaenda kwanza, halafu ule wa kushoto wenye shimo. Alipotoka Kajiado alitoka kwa kiti cha magurudumu, na kwa ploti yao kuna ngazi mbili za kuingia nyumbani, hivyo Timothy humbeba. Anambeba vizuri sana, kama ndama. Lakini haimbi. Katoo alipiga simu tena na tena, Timothy akiona jina analaza simu kifudifudi. Siku moja kijana wa Ewuaso Kedong alimwona hapo stendi akamsalimia, Daktari, supa. Timothy alipita kama ameitwa mtu mwingine.

Mwishowe dawa mpya ikapatikana. Hii ni mara moja tu kwa mwezi, kalamu ndogo hivi, na Sista Valerie alieleza tena: zungusha, toa kwa friji mapema. Siku ya kwanza Timothy aliitoa mapema sana. Akaiweka kwa meza, juu ya kitambaa, akaketi mbele yake mikono katikati ya magoti. Baridi ikaisha. Akaendelea kuketi.

"Ng'oto Resian."

"Eeh."

"Siku ile hospitali, ulisema ulifunzwa kuzungusha."

"Nilisema."

"Ulinifichia kwa daktari. Hiyo nimeelewa. Mimi nauliza ingine." Hakuwa anamwangalia, alikuwa anaangalia hiyo kalamu. "Ile siku nilicheka. Na zile zingine zote. Wewe ulikuwa unajua?"

Fikiria hapo alikuwa amefungiwa wapi. Akisema hakujua, basi huyu mwanaume ameharibu bibi yake na ujinga wake peke yake, na atakufa na hiyo. Akisema alijua, basi huyo bwana ataambiwa kwamba mtu alitoa miguu yake miwili ili yeye acheke, na hakuwahi kuomba hiyo zawadi. Nje Apondi alikuwa anaanika nguo, na alisema baadaye hata yeye alishika pini ya nguo hewani akangoja.

"Nilijua," Naeku akasema.

Timothy akasimama. Akasukuma kalamu katikati ya meza ili isianguke, akatoka, akapita Apondi bila kumuona. Alirudi jioni, akapika, akambeba bibi yake akamweka kitandani, akamfunika. Hakuna siku ameacha kufanya hayo. Lakini hiyo kalamu hajawahi kuishika, na hajawahi kumuuliza Naeku kitu kingine tena.

Siku hizi ni Apondi anakuja kumdunga. Yule wa jogoo. Anafunga jicho moja, anasema Baba tusaidie kwa Kijaluo, na anadunga mahali penye panauma. Naeku analia kidogo. Timothy, akisikia hicho kilio, anatoka nje anasimama kwa geti mpaka kiishe.

Mimi sijui. Nimewaza hii stori mpaka kichwa kikauma. Sasa niambie wewe, na usinijibu haraka: ungekuwa ni Naeku, umekaa hapo na miguu haiko, na mtu unayempenda amekuuliza hivyo, ungemwambia ukweli, ama ungemdanganya mara ya pili?